Nafasi ya Marehemu

Afisa utumishi wa kiwanda cha vigae cha Zamaradi, binti aitwaye Firdausi, alikuwa na tabasamu la kupokelea wageni, na Adventina alilichukia kabla hata hajakaribishwa kiti.

"Karibu dada. Nikuletee chai?"

"Ahsante, nimeshakunywa. Nimekuja kwa habari ya Latifu na wenzake wawili."

"Jamani, wale tena!" Firdausi akajiegemeza kitini. "Wamekwenda kwa wakili, wamekwenda Tume, sasa wametuletea na polisi?"

"Polisi niliacha. Siku hizi namtafutia ushahidi wakili Leodegar, pale Sofu. Si lazima unijibu mimi. Lakini keshokutwa mtajibu mbele ya Tume ya Usuluhishi, na huko hakuna chai."

Ndivyo alivyokuwa Adventina. Miaka yote aliyokaa kwenye upelelezi hapo Kibaha hakujifunza kubembeleza mtu, na ndiyo maana alitoka na cheo kile kile alichoingia nacho. Leodegar alimchukua kwa sababu moja tu: huyu mama akishika jambo haliachii.

Na jambo lenyewe safari hii lilikuwa hili. Zamaradi, huko njia ya Kwala, walikuwa na laini mbili za kuchoma vigae. Laini ya pili ikafungwa ghafla, wafanyakazi wake wote wakaambiwa kazi imekwisha, nendeni makwenu. Haikutimia miezi miwili, mafundi wa umeme wakiingia na kutoka, laini ikafunguliwa tena, na wale wale walioondolewa wakapigiwa simu mmoja mmoja warudi. Wote walipigiwa isipokuwa watatu. Latifu alikuwa mmoja wao. Alijaribu viwanda vingine vya ukanda ule, na kila alikofika waliuliza kwanza Zamaradi, kisha wakamwambia apite siku nyingine. Sasa amehamia Kisarawe na mke na watoto, anakaa ukweni. Mwanamume mzima, anasubiri baba mkwe anawe mikono ndipo naye asogee kwenye sinia! Tume isipowaamuru Zamaradi wamrudishe, basi hapo alipo ndipo alipofika.

Wakili alikwisha kumweleza Adventina sheria yenyewe kwa lugha ya kueleweka. "Mwajiri halazimiki kumrudisha kila aliyewahi kumfanyia kazi," alisema. "Uliacha mwenyewe, anaweza kukwambia sikutaki tena, ikawa basi. Lakini akiwaondoa watu kwa sababu moja, halafu akaanza kuwarudisha, hawezi kuwabagua wengine hivi hivi tu. Kumwacha mtu hapo ni sawa na kumfukuza upya, na kufukuza kunataka sababu ya haki. Niletee sababu yao, Adventina. Halafu niletee mtu wa kuivunja, ambaye hali mshahara wao."

Basi ndiyo hiyo aliyoifuata.

"Kwa nini hao watatu?" akauliza.

"Utoro," Firdausi akajibu, wala hakufikiri. "Siku mbili mfululizo hawakuonekana kazini, hakuna taarifa, hakuna ruhusa. Ndiyo wiki ile ile laini ilipofungwa. Wewe ungekuwa na kiwanda ungemrudisha mtoro?"

"Utoro. Si chama cha wafanyakazi?"

Firdausi akacheka, na safari hii kicheko kilikuwa cha kweli. "Mwenyekiti wa tawi la chama ni Fadhila. Fadhila ndiye wa kwanza kuitwa. Hujamkuta hapo getini?"

Alimkuta. Fadhila amevaa ovaroli mpya, anawagombeza vijana wasirundikane kwenye mlango wa kuingilia. Na wakili alikuwa na hakika kabisa kwamba ni mambo ya chama, kaandika mpaka hoja zake! Adventina akaliweka hilo pembeni.

"Siku hizo mbili walikuwa msibani," akasema. "Walikwenda kumzika mwenzao, Seif."

Tabasamu likatulia. Halikuondoka, lakini lilikaa vibaya.

"Marehemu alisimama moyo hapa hapa kazini, Mungu amrehemu. Na sisi hatukumtupa. Kampuni ilitoa gari, ilitoa sanda, ilitoa mchele na mafuta. Hata nafasi yake tumempa mdogo wake, Mwanahalima, yuko kitengo cha kufunga maboksi. Kiwanda gani kingine hapa kinafanya hivyo? Na sasa hivi dada yangu, hata tukitaka, nafasi zimejaa."

"Gari lilitoka hapa?"

Firdausi akatazama dirishani. "Gari la kampuni, ndiyo."

"Na dereva wa kampuni?"

"Dada, nina kikao."

"Nenda kwenye kikao chako, mwanangu," akasema Adventina, akanyanyuka. Alikuwa amepata alichokifuata, na kidogo zaidi.

*

Dereva aliitwa Rama. Adventina alimpata Mlandizi, kwa mama lishe aliye nyuma ya maegesho ya malori, anakula wali maharage kwa haraka ya mtu anayedaiwa safari nyingine. Alipoona nani amekaa mbele yake, tonge likamkwama.

"Afande, mimi nina watoto."

"Kila mtu ana watoto, kaka Rama. Kula tu. Ulimpeleka Seif Maneromango?"

"Nilimpeleka."

"Nyuma ulipakia nani?"

"Wenzake wa laini. Wanane, pamoja na jeneza. Bosi mwenyewe alisimama pale getini akasema nendeni mkamzike ndugu yenu, mrudi matanga yakianuliwa. Mama yake marehemu alikuwepo, alikaa mbele na mimi."

"Mama yake alimsikia bosi?"

"Alimsikia. Alilia, akamshika mkono."

Adventina akajaribu kutoonyesha kitu usoni. Utoro! Watu wamepakizwa kwenye gari la kampuni, kwa ruhusa ya bosi, mbele ya mfiwa.

"Hao wanane, wangapi wameitwa kazini?"

Rama akahesabu kwa macho tu, midomo imefumba. "Watano."

"Wanane walikosekana siku zile zile, kwa safari ile ile. Watano si watoro, watatu ni watoro. Sasa nisaidie, maana akili yangu imechoka. Hao watatu walifanya nini kule ambacho watano hawakufanya?"

Rama akasukuma sahani. Mama lishe akauliza kama wali una mchanga.

"Waliingia kwenye pazia," akasema.

"Pazia gani?"

"Wewe dada si Mwislamu."

"Mimi Mkatoliki wa Bukoba. Nieleze kama unavyomweleza mtoto."

"Maiti anaoshwa kabla ya kuvishwa sanda. Haoshwi mbele za watu. Panazungushiwa pazia uani, wanaingia wachache, walio karibu naye, na mwalimu wa kuwasimamia. Sasa Seif hana kaka, baba yake alishatangulia. Mwalimu akauliza, huyu nani wake? Latifu na wale wawili wakasema, sisi. Wakaingia wao. Tuliobaki tulikaa nje kwenye mkeka." Akafuta jasho. "Walipotoka, Latifu alikwenda nyuma ya nyumba akatapika."

"Aliona nini?"

"Nitajuaje? Mwosha hasemi alichokiona. Akisema amemvua nguo yule mtu mbele ya dunia. Hata ukinifunga afande, kwa hilo sijui, na aliye nalo hatakwambia."

Hapo ndipo Adventina alipoelewa kwa nini Latifu, kila alipoulizwa habari za msiba ule, alisema "tulikwenda kuzika" kisha akafunga kinywa kama mlango. Yeye alidhani kijana ana lake analolificha. Alikaribia hata kumwambia wakili kwamba mteja wake si mkweli. Lo!

Akayaweka mambo sawasawa kichwani. Mtu anafia kazini, kampuni inasema ni moyo. Maiti inaletwa imefunikwa, inapelekwa moja kwa moja kuzikwa. Kati ya wafanyakazi, watatu peke yao wanauona mwili. Wiki ile ile laini inafungwa, mafundi wa umeme wanaingia usiku na mchana, laini inafunguliwa, na watu wote wanarudi isipokuwa hao watatu. Moyo ulisimama, sawa. Kitu gani kiliusimamisha? Na anayejua halafu akarudi kwenye mashine ile ile kila siku, siku moja atafungua mdomo. Ni heri asirudi.

Lilibaki swali moja. Pazia lilikuwa Maneromango, na ofisi ya Firdausi iko Kwala. Nani alibeba habari?

"Ulimwambia wewe," akasema Adventina.

"Mimi?"

"Dereva. Ulikuwepo, unaingia ofisini kwao, mshahara wako hautikisiki. Nani mwingine?"

Rama akasimama, macho yamejaa machozi, watu wa meza za jirani wakageuka. "Wallahi si mimi! Seif alikuwa shemeji yangu wa mtaani, tulikuwa tunataniana kila siku. Nikupeleke msikitini nikaape?"

"Kaa chini. Utakuja Tume ukaseme habari ya gari na ruhusa ya bosi?"

Rama hakukaa. Aliacha wali nusu, akaenda zake kwenye lori, na hakugeuka nyuma. Hilo nalo lilikuwa jibu.

*

Kutoka Mlandizi kwenda Mzenga na kushuka Maneromango, wakati ule wa mvua, ni kazi ya bodaboda na dua. Adventina alifika amerukiwa na tope mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Njia nzima alikuwa akimfikiria Rama kuwa ndiye, kisha akimwondoa, kisha akimrudisha. Aliyemtaka sasa ni mama wa marehemu, Bi Mwanne. Alimsikia bosi akitoa ruhusa. Hali mshahara wa Zamaradi. Ndiye shahidi aliyeombwa na wakili, kama katengenezwa.

Alimkuta uani anamenya muhogo, mwanamke mwembamba, kaniki kiunoni, sauti ya wazee wa Kizaramo ile inayopanda mwisho wa maneno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu we. Karibu. Tope gani hilo! Vua viatu nikupe maji."

"Pole kwa msiba mama."

"Nishapoa. Kazi ya Mungu haina makosa."

Adventina akakaa kwenye kigoda, akajitambulisha, akasema ametumwa na wakili wa Latifu. Kusikia Latifu, uso wa bibi ukafunguka.

"Latifu hajambo? Na wale wenziwe? Wale si watoto wa kuzaa mimi, lakini ni wanangu. Waliyonitendea mimi hao, ndugu zangu wa damu hawakuyatenda."

"Walimwosha Seif."

"Wamemwosha, wamemvika, wameingia naye kaburini. Tena nilikwenda kule kiwandani kusema."

Adventina alikuwa anafuta tope kwenye kifundo cha mguu. Akaacha.

"Ulikwenda wapi mama?"

"Kiwandani. Baada ya arobaini nikasema, Mwanne, utakaaje kimya hivi kama mtu asiyefunzwa? Watu wamekupa gari, wamekupa sanda, wamekupa mchele. Nikachukua mananasi, nikachukua na kuku, nikaenda kushukuru. Yule binti mzuri mzuri, Firdausi, alinipokea, akanipa soda. Nikamwambia, mwanangu, nimekuja kushukuru, na zaidi nawashukuru wale vijana wenu watatu. Nikamtajia majina mmoja mmoja, asije akawasahau. Nikamwambia, hawa ndio waliomsitiri mwanangu. Walivyomkuta ameungua kiganja mpaka mfupa, na unyayo umepasuka, walitoka nje ya pazia hawakumwambia mtu hata mmoja. Mimi mwenyewe mwalimu ndiye aliyeninong'oneza, kwa kuwa ni mama. Nikamwambia binti, watoto wenye siri namna hii, kawaambie wakubwa wako wawatunze." Akatabasamu, kisu mkononi. "Alifurahi! Akaniuliza majina mara ya pili. Na hapo hapo ndipo aliposema mlete Mwanahalima, ashike nafasi ya kaka yake."

Kuku wakapita katikati yao wakidonoa maganda. Adventina akatazama tope lililobaki mguuni. Katika kazi yake alikwisha kuona wasaliti wa kila namna, wa fedha, wa wivu, wa woga. Huyu hakuwahi kumwona, mama aliyesaliti kwa kushukuru, akiwa na kuku mkononi.

Angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo baadaye sana, akiwa amelala macho wazi. Lakini alihitaji shahidi, na shahidi hawezi kuitwa bila kujua anaitiwa nini.

"Mama," akasema, "Latifu na wenzake hawana kazi. Wote wa laini ile wamerudishwa, wao wamekataliwa. Wanaambiwa ni watoro, kwa siku zile walizokuja hapa kumzika Seif. Ila sababu hasa ni kwamba waliuona mwili. Na kiwandani hawakujua nani aliuona mpaka walipoambiwa."

Bi Mwanne aliendelea kumenya. Akamenya muhogo mpaka ukawa mwembamba kama kidole, hakujua.

"Wameambiwa na mimi," akasema.

"Hukukusudia mama."

"Nimewatajia majina na mdomo wangu. Mara mbili." Kisu kikaanguka kwenye ungo. "Yalaiti ningebaki nyumbani! Yalaiti nisingekuwa na adabu! Latifu anakaa wapi na watoto wale?"

"Kisarawe, kwa wakwe."

"Ukweni! Yule kijana ana haya hata ya kuomba maji!" Akajipiga paja, akaanza kulia, bila kelele, machozi yanateremka kwenye muhogo.

Adventina akamngoja. Kisha akamweleza kuhusu Tume, kwamba ni chumba tu na watu wachache, ataulizwa mambo mawili: kama alimsikia bosi akitoa ruhusa, na alimwambia nini Firdausi. Hakuna jela, hakuna askari. Sheria iko upande wa wale vijana, ila sheria haina macho, inataka mtu wa kuiambia.

"Na Mwanahalima?" akauliza bibi. "Nikisema, watamwacha?"

Adventina hakuwa mwongo. "Sijui, mama. Wanaweza kumtafutia sababu."

"Ndiye anayetulisha sasa, mimi na wadogo zake." Akakiokota kisu. "Wanasemaje, hao wa kiwandani? Kwa nini hawawachukui tu, hata mmoja?"

"Wanasema nafasi zimejaa."

Alijibu hivyo kwa uchovu, kama mtu anavyorudia neno alilolisikia mahali. Bi Mwanne akalichukua neno lile. Akafuta machozi kwa ncha ya kaniki.

"Niachie usiku wa leo, mwanangu. Kesho nitatoa jibu."

Akamfungia Adventina mihogo kwenye mfuko. Adventina akaipokea, kwa kuwa hakujua namna ya kuikataa.

*

Kesho yake, ofisini Sofu, simu ya wakili Leodegar iliita kabla Latifu hajakaa vizuri. Leodegar akaiweka mezani, sauti juu. Ilikuwa sauti ya Firdausi, tamu kama jana.

"Wakili, habari za asubuhi. Nimeona si vyema mkasikia kwa watu. Yule bibi wa Maneromango alikuja hapa alfajiri, kabla hata sijafika."

Adventina akasimama.

"Amekuja kumtoa binti yake kazini. Kwa hiari yake kabisa, mbele ya mlinzi na mbele yangu. Ati anarudisha nafasi ya marehemu, ili mmoja wa wale vijana aipate. Sisi tungefanyaje? Binti amefungasha vitu vyake, ameondoka na mama yake."

"Mmemwahidi nini?" akauliza Leodegar.

"Hatujamwahidi kitu. Tulimwambia tutaangalia."

Wakili akafumba macho. Hakuna mtu aliyewahi kwenda ofisi yoyote ya nchi hii kuomba kitu akaambiwa "tutaangalia", halafu akaangaliwa. Mtoto wa darasa la tano anajua. Bi Mwanne, aliyeishi na mihogo yake na mikorosho yake, hakujua.

"Na jambo jingine," Firdausi akaendelea. "Aliapa. Hatukumwomba, aliapa mwenyewe kwa jina la Mwenyezi Mungu, kwamba habari za mwili wa marehemu na za safari ile hatazitamka popote, ilimradi wale vijana warudi kazini. Basi, nikutakie siku njema wakili."

Simu ikanyamaza.

"Nimemwambia nafasi zimejaa," akasema Adventina. Sauti yake mwenyewe aliisikia ngeni. "Mimi. Kwa mdomo wangu huu. Kaenda kuwapisha nafasi."

Leodegar hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi. "Naweza kumwita kwa amri ya Tume," akasema, kama anajisemesha. "Aje, akae kitini, akatae kusema. Haitatusaidia." Akamgeukia Latifu, kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi na mikunjo yake yote, shati la mtu aliyekuja kwenye jambo kubwa. "Umebaki wewe. Nyinyi watatu mkiingia pale mkasema tulipewa ruhusa, wao watasema hatukuwapa, na sina wa kuniamulia. Lakini mkieleza mlichokiona kwenye pazia, kiganja na unyayo alikopita umeme, kesi hii inageuka kuwa nyingine. Watatafuta namna ya kuwarudisha haraka kuliko walivyowafukuza."

Latifu akatikisa kichwa.

"Latifu! Mkeo na wanao wako kwa watu!"

"Najua waliko, wakili."

"Shehe yeyote atakwambia pana ruhusa, kama kuna dhuluma ndani yake."

"Labda ipo. Sijasoma hivyo." Alikuwa anaongea taratibu, anatazama mikono yake. "Ila mimi ndiye niliyeshika maji. Mwalimu alituambia, mnayoyaona hapa yanaingia naye kaburini. Tukasema ndiyo. Seif alikuwa anaona aibu hata kuvua shati mbele yetu tukioga kule kiwandani. Sasa nikamweleze mbele ya wale watu wenye suti, hapa palikuwa hivi, hapa palikuwa vile? Siwezi. Nisamehe. Nimejaribu usiku kucha, nimeshindwa."

Adventina alitaka kumkemea. Alikuwa na kila kitu alichotumwa. Sababu ya uongo ya kampuni aliijua, na sababu ya kweli aliijua. Aliyebeba habari, aliyeipokea, alichopewa, vyote anavijua, na hakuna hata kimoja anachoweza kukiweka mezani kesho asubuhi. Aliona hasira inampanda mpaka machoni, hasira isiyo na mtu wa kuipokea.

Simu ya Latifu ikaita. Akaitazama, akasimama kwa heshima kabla ya kuipokea, kama anayempokea ameingia mlangoni.

"Shikamoo mama."

Ofisi ilikuwa ndogo. Sauti ya Bi Mwanne ilisikika yote, inapanda mwisho wa maneno, ina furaha.

"Marahaba baba! Latifu, mwanangu, nimetoka kiwandani. Nimeyamaliza. Nimewaambia nafasi ya Seif ni yako, mwiteni Latifu. Wamekubali, wamesema wataangalia! Kesho uende asubuhi mapema, usichelewe, uoge vizuri. Na wale wenzako waende nao, nimewaombea. Umesikia?"

Latifu alikuwa amefumba macho.

"Nimesikia mama."

"Mlinisitiria mwanangu, mimi nikawavua nguo. Mungu ashukuriwe, nimewarudishia. Utanisamehe?"

"Hakuna la kusamehe mama. Ahsante. Tumeshukuru sana. Msalimie Mwanahalima."

Alipomaliza alibaki amesimama na simu mkononi. Nje, fundi wa duka la chini alikuwa anakata chuma, kelele ikaingia ofisini, ikanyamaza, ikaingia tena.

"Kwa nini hukumwambia?" akauliza Adventina.

"Nimwambie nini, dada?"

Leodegar alianza kukusanya makaratasi ya kesi taratibu, akiyapanga kwenye jalada, kazi isiyohitajika.

"Tukutane Tume kesho," akasema wakili. "Tutasema tulicho nacho. Huwezi kujua."

"Kesho sitakuja Tume mapema," akasema Latifu. "Nitapitia Kwala kwanza. Na wale wenzangu nitawaambia tuende wote watatu."

Adventina akamkazia macho. "Getini? Latifu, hawatakufungulia. Umemsikia yule binti. Mtasimama pale mbele ya wenzenu wanaoingia zamu, mpaka mlinzi awafukuze kama mbwa."

"Najua, dada. Nimesimama pale mara nyingi tangu wanikatae, napajua." Akaikunja vizuri mikono ya shati lake. "Lakini kesho jioni Bi Mwanne atanipigia kuniuliza kama nilikwenda kazini. Na mimi simdanganyi mama wa Seif. Nataka nimjibu kwamba nilikwenda."